Mguu wa Baba Umetangulia

Nyumbani kwa Baba,
mlango wa bluu, nyuma ya gereji.
Jumapili ya tatu ya Pasaka, jioni.

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia taratibu, najua bado unatafuta miwani.

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, wanakua au wanarefuka tu? Yule mdogo kifua kimepona, au bado anakohoa kila hali ya hewa ikibadilika? Na mgongo wako? Bado unabeba magunia pale ghalani kama kijana anayetafuta mchumba? Nijibu yote haya moja baada ya jingine, usiniruke kama unavyoniruka kwenye simu.

Sisi hatujambo. Ila hatujambo ya siku hizi ni ile ya kujibu ili mtu asiendelee kuuliza. Shemeji yako bado analinda ile karakana ya mbao usiku na kulala mchana, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mimi niko palepale kwa dobi, upande wa pasi. Mashuka ya hoteli asubuhi, mataulo ya hospitali mchana, na jioni vifundo vya miguu vimenijaa maji. Nikifika nyumbani naanza zamu ya pili, ambayo haina msimamizi wala siku ya mapumziko.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kati ya kitanda cha baba na kiti changu kuna pazia tu, na masikio yake hayajakatwa. Tena karatasi huwezi kuikatiza. Itabidi unisikilize hadi mwisho.

Tangu baba akatwe mguu hujampigia hata mara moja. Mimi unaniuliza hali yake kwa maneno mawili matatu, lakini yeye mwenyewe humtafuti. Ulimwambia asikubali kukatwa, naye akakubali. Sasa sijui umeona haya au umenuna, maana tangu utoto nyuso zako hizo mbili zinafanana. Sikuandikii ili nikulaumu. Kulaumu nako ni kazi, na kazi ninazo za kutosha. Nataka tu ujue mambo yalivyokwenda, ili usije ukaambiwa na watu wa pembeni.

Ilianza na pini. Unaikumbuka sakafu ya fundi cherehani, ukifagia mara ngapi haziishi. Baba aliikanyaga, na kwa sababu ya kisukari chake hakuhisi kitu. Alitembea nayo, akashona nayo, akaenda nayo kanisani, hadi soksi ilipogandana na kidole. Tulipofika hospitali kidole kilikuwa cheusi. Daktari hakuzunguka: mguu wa kulia ukatwe chini ya goti, au tungoje sumu ipande tumpoteze mtu mzima.

Hapo ndipo ulipopiga wewe. Baba alitoka kwenye ile simu akitabasamu. "Kiroboto anasema siku hizi miguu haikatwi ovyo, kuna dawa," aliniambia. Basi tukakaa tunangoja dawa yako huku weusi unapanda na chumba kinanuka. Nilikuwa nafungua dirisha kabla hajaamka ili asijue kwamba nimefungua kwa ajili yake.

Lakini ngoja nikuondolee mzigo mmoja. Si wewe uliyemzuia. Siku moja nikimfunga bandeji aliniuliza, "Sasa mimi nitafufukaje?" Sikumwelewa. Akasema, "Wataukata, wataupeleka kwenye tanuri lao wauchome pamoja na pamba chafu. Siku ya mwisho Bwana ananiita, natoka kaburini nachechemea mbele ya mama yenu?" Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Machozi yalimlengalenga, akageukia ukutani, na mimi nikabaki na bandeji mkononi kama mjinga.

Kumbe ndilo lililokuwa likimla. Si kisu wala maumivu. Mzee wa watu amesema "nasadiki ufufuko wa miili" kila Jumapili tangu akiwa mtoto, naye aliamini kilichosemwa. Mimi nilikuwa nayasema maneno hayo huku nikifikiria nimeacha nini jikoni.

Nikaenda kwa paroko. Huyu tuliye naye ni kijana, kila mara ana funguo nyingi na haraka nyingi, lakini siku hiyo aliketi. Akaniambia Mungu hahitaji tumkusanyie vipande ili aweze kutufufua. Waliokufa baharini na motoni watafufuka vilevile. "Ila mwili huo umebatizwa, dada. Umepakwa mafuta. Hautupwi kama ganda la ndizi. Mwambie baba akubali, mguu tutauzika." Nilimpa baba ujumbe kama ulivyo. Akaomba kwanza apewe kitambaa.

Sasa sikiliza vituko vya baba yako. Jioni kabla hajalazwa aliketi kitandani, akaupima mguu wake kwa utepe kama anavyopima mteja, goti hadi kisigino, upana wa unyayo, akaniamuru niandike. Akakata kile kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu za watumishi wa altare, akaushonea mguu mfuko wake wa sanda kwa mkono, na upindo wake, na kamba ya kufungia. Nikamwambia, "Baba, hata upindo?" Akasema, "Mteja ni mteja."

Wakaukata. Pale hospitali waliniangalia mara mbilimbili nilipoomba kuuchukua, kisha wakautia ndani ya mfuko wake na kunikabidhi ndani ya boksi la chupa za maji ya dripu. Shemeji yako aliubeba begani, na unajua yule bwana hajui kusema uongo. Njiani jirani yetu muuza vipuri akamwuliza, "Leo umenunua nini, shemeji?" Akajibu, "Mguu." "Wa ng'ombe?" "Hapana, wa baba mkwe." Jirani alicheka hadi akajishika mbavu. Alipoelewa alifunga duka, akatufuata makaburini kimyakimya.

Tuliuzika kwenye kaburi la mama, upande wa miguuni. Mchimba kaburi, yule wanayemwita Sululu, aliuliza achimbe kina gani, maana hajawahi kuletewa mteja wa namna hiyo. Paroko alivaa stola yake shingoni. Kina mama wa parokia waliimba, wawili kati yao wakalia, sijui walikuwa wanamlilia nani. Baba tulimleta kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, akanyunyiza maji ya baraka kwa mkono wake. Akasema mama alikuwa analalamika baridi ya miguuni maisha yake yote, sasa amepata wa kumpashia moto. Watu wakacheka na kujipangusa kwa wakati mmoja.

Nami nikadhani tumemaliza.

Kosa letu, naliona sasa, ni kwamba tulizika vizuri mno. Baba alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kwenye mazishi yake mwenyewe. Na mtu akishazikwa ana kazi gani tena? Akalala. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri, daktari alikisifu, lakini baba akalala. Ukimwambia ajaribu kukaa anakuambia, kwa upole kabisa, "Mguu nimeshautanguliza, mama. Na mimi nitafuata." Ukimletea magongo ya kutembelea anayashukuru. Yakakaa kwenye msumari ukutani hadi nikaanza kuanikia soksi.

Ningejua kumjibu kama angekuwa anakata tamaa. Nimezoea wakata tamaa, nafanya nao kazi. Lakini baba hakukata tamaa, alikuwa na matumaini mengi mno. Alikuwa na miguu yake miwili kule mbele, mizima, haina kisukari. Kwa nini ahangaike na mmoja huku? Alikuwa anaungojea ufufuko kama mtu anayengojea gari kituoni, mzigo umeshafungwa.

Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alinivuta pembeni. Akaniambia mzee wa umri ule akilala hivi, mapafu yanajaa, mgongo unatoka vidonda, na hamalizi msimu. Ainuke, aketi, asimame, la sivyo nijiandae. Nilirudi na maneno hayo moyoni, nikamgeuza baba ubavu, nikampaka mafuta mgongoni, nikatazama pale palipoanza kuwa pekundu. Akaniuliza, "Kiroboto amepiga?" Nikasema laini zinasumbua.

Nimechoka, mdogo wangu. Sijui niseme vipi tena. Nimechoka mikono, nimechoka kuwa mpole. Mtu mzima asiyetaka kuinuka ana uzito wa watu wawili. Namnyanyua kumwosha kabla ya kazi, namnyanyua nikirudi, na katikati nanyanyua mashuka mabichi. Asubuhi moja nilisimama nje ya pazia nikasikia kimya. Hakukoroma, hakukohoa. Kilichonijia kwanza hakikuwa hofu, kilikuwa unafuu. Halafu akapiga chafya. Nikaenda nikamwosha kama kawaida, na hajui, na wewe usimwambie.

Pasaka ikaja hivyo. Kanisani nilikwenda peke yangu, shemeji yako akabaki na mgonjwa. Nilisinzia kwenye zaburi, nikazinduka kwenye Injili, pale mitume wanapofika kaburini na kuikuta ile leso ya kichwani imekunjwa, imewekwa mahali pake peke yake. Nimelisikia somo hilo tangu utoto, lakini safari hii mkono wangu wa pasi ndio uliosikia. Ametoka mautini, dunia nzima inamngoja, naye kwanza amekunja leso. Nikamwonea wivu aliyemlea. Mimi nililea mmoja ambaye hadi anaondoka nyumbani shuka lake alikuwa analiacha kama ngozi ya nyoka. Basi nikacheka peke yangu kwenye benchi, mama mmoja akanitazama.

Alasiri paroko akamletea baba Komunyo. Wakazungumza vizuri tu. Paroko akamwambia kwamba Bwana alifufuka na madonda yake, hakuyaficha. Baba akasema, "Matundu, padre. Mguu walimwachia." Paroko akaanza kusema kitu, akaona ni afadhali anywe chai. Alipoondoka mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nikamwambia baba anatumia imani kama blanketi. Akasema, "Nasadiki inasema nangojea ufufuko wa wafu. Mimi nangojea. Kosa langu nini?" Nikasema, "Tunaisema tukiwa tumesimama, baba! Umewahi kuona mtu anasali Nasadiki amelala?" Akafikiri kidogo. "Wagonjwa wameruhusiwa," akasema, akafumba macho. Nilitoka nje nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Sasa nakuja kwenye Jumatano iliyopita, na naomba usinisifu kwa akili, maana sikupanga chochote. Nilikuwa nimerudi mapema kwa sababu mashine ya mvuke iliharibika. Mfuko wa aproni yangu ulikuwa umechanika, umenasa kwenye mkono wa pasi, na msimamizi wetu hapendi kuona uzi unaning'inia. Zamani ningempa baba ashone. Nikatazama pazia, nikatazama cherehani imefunikwa, nikaifunua mwenyewe. Wewe unajua mimi na cherehani. Nilikimbia kufundishwa, nikaenda kupiga pasi nguo walizoshona wengine.

Nikaketi, nikakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukajisokota chini ya kitambaa, ukakatika. Nikatunga tena. Ukakatika tena.

"Unairudisha nyuma," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Nikakanyaga tena.

"Nimesema unairudisha nyuma! Anza gurudumu kwa mkono kwanza, lije kwako. Kwako!"

"Nimeanza kwa mkono."

"Hujaanza. Nakusikia. Na ile bobini ya uzi umeiweka kichwa chini. Utanivunjia sindano."

Ikavunjika. Ilitoa ule mlio wake mdogo, ting, na kipande kikaruka sijui wapi. Hapo uchovu wote wa tangu Kwaresima ukanipanda kichwani. Nikasema kwa sauti ambayo mama angenichapa kwayo, "Kama unaona nakosea, si uje ushone mwenyewe!"

Nikajuta hapohapo, nikaweka kichwa juu ya cherehani, nikalia. Nililia kwa ajili ya aproni, Kiroboto, mtu mzima mimi.

Kisha nikasikia kishindo, kitu kizito kimedondoka sakafuni. Niliruka nikadhani ndio mwisho wake. Kabla sijafika pazia likasogea kwa chini, na baba akatokea, amekaa sakafuni na shuka limemzunguka kiunoni, anajiburuta kwa makalio, mikono miwili nyuma, mguu mmoja mbele. Alikuwa anahema. Uso umemwiva kwa hasira.

"Ile cherehani ina umri kukuzidi wewe," akasema. "Haijawahi kupigiwa kelele."

Nikataka kumrudisha kitandani. Akanitoa mkono. "Usinitazame. Ninyanyue, uniweke pale."

Nikamshika makwapani, nikamnyanyua. Nakuapia alikuwa mwepesi. Ni mtu yuleyule niliyemwosha asubuhi, lakini safari hii na yeye alikuwa ananyanyua. Nikamkalisha kwenye kigoda chake. Akayumba, akashika ukingo wa meza, akatulia. Akaniomba sindano nyingine, akaitia, akatunga uzi bila miwani huku akiniambia maneno ambayo sitayaandika siku ya Bwana.

Akaweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio. Maisha yake yote wa kulia ndio uliokuwa unaongoza, wa kushoto ulikuwa unasindikiza tu. Akakanyaga. Gurudumu likarudi kinyume, uzi ukajisokota, ukakatika. Nikauma midomo nisicheke. Akautoa, akatunga tena, ukakatika tena.  "Mguu huu mjinga," akasema. "Miaka yote ulikuwa unanitegea." Alipojaribu tena, cherehani ikaenda hatua chache, ikasimama, ikaenda. Shemeji yako aliamka kwa sauti hiyo, akaja akasimama mlangoni na shuka lake, akaketi palepale kizingitini.

Mfuko wa aproni umeshonwa. Mshono umepinda, unakwenda kama mlevi anayetafuta kwake. Baba alitaka kuufumua aurudie, nikamnyang'anya. Nimeivaa aproni hiyo kazini siku zote zilizofuata, msimamizi akauliza fundi gani huyu, nikamwambia ni mwanafunzi.

Usidhani tangu Jumatano tunaishi Pasaka tupu. Alhamisi aligoma kuinuka hadi mchana. Ijumaa alianguka akaumia kiwiko. Kisukari kiko palepale, na mtaalamu wa mazoezi ameniambia nisijipe matumaini makubwa. Nilidhani mtu akifufuka anafufuka mara moja, jiwe linaviringishwa, basi. Huku kwetu jiwe linarudi kila usiku, na asubuhi lazima mtu alisukume tena, na mtu huyo mara nyingi ni mimi, na sijanywa chai. Wale wanawake wa Injili wanasifiwa kwa imani, lakini mimi nadhani asubuhi ile walikuwa wamechoka tu. Walikwenda kuipaka maiti mafuta, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Habari njema ikawakuta kazini.

Basi maneno yangu kwako ni mawili. La kwanza, piga simu. Usiniulize mimi, mwulize yeye. Usimwombe msamaha, hajui kama umemkosea, atakushangaa. Mwulize habari za mguu wa kushoto, hapo atakupa saa nzima.

La pili, njoo. Najua nauli, najua likizo, najua watoto. Lakini ukisikia amekufa utaomba ruhusa na utapewa, utakopa na utakopeshwa, na utafika umechoka, uje ubebe jeneza la mtu ambaye ungeweza kumbeba hadi kwenye kigoda. Usingoje mazishi. Mazishi tumeshafanya, tena yalikuwa mazuri, hukukosa kitu. Sasa tunahitaji mtu wa kunyanyua. Hata wiki mbili tu, nilale.

Nisalimie sana wifi, mwambie zile soksi nene alizotuma zimefika, na kwamba baba ameuliza kwa nini zimekuja jozi. Nisalimie wanangu wote, mkubwa kwa mdogo. Msalimie na mama mkwe wako, mwambie namwombea macho yake. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija uje na raba za kazi. Muuza vipuri naye anakusalimu. Siku hizi anakuja kukaa na baba jioni, wanabishana kuhusu mafuta ya mashine.

La leo asubuhi nimeliacha mwisho kwa makusudi.

Baba aliamka akasema anakwenda misa. Siku zote hizo alikuwa anavaa shuka tu, kwa hiyo nikatoa sandukuni suruali yake ya kijivu, ile ya Jumapili, nikaipiga pasi. Nilipomvalisha, upande wa kulia ukaning'inia mtupu hadi chini. Nikapiga magoti, nikaukunja vizuri hadi kwenye goti, nikachukua pini mbili niubane.

Akanizuia mkono. "Lete mkasi."

"Baba, nikunje tu. Kitambaa kizuri hiki, usikikate."

Maana mimi ndiye niliyeogopa, Kiroboto. Kukunja ni kukunja, unaweza kukunjua. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kitu ambacho sikudhani ningekisema mimi: "Na siku ya mwisho je? Ukiuhitaji?"

 Baba akaunyoosha ule upande mtupu juu ya paja, akapima kwa kiganja, akaweka alama ya chaki chini kidogo ya goti, na akaacha nafasi ya upindo.

"Ya siku ile atanishonea Mungu mwenyewe," akasema. "Hii ni ya misa ya saa nne."

Akakata.

Bwana akulinde wewe na nyumba yako, akuamshe salama kila asubuhi, na akupe mtu wa kukunyanyua siku utakayoshindwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimechoka,

Dada